Waliloniuliza Kuhusu Video ya Beni

Kazi yangu Butembo ilikuwa kutazama video za watu. Kampuni kubwa ya teknolojia, ile ambayo alama yake iko katika kila simu hapa kwetu, haikuniajiri yenyewe. Iliipa bureau moja ndogo, ofisi ya hapa mjini, kazi hiyo, na bureau ikatuchukua sisi tunaojua Kinande na Kiswahili cha huku. Tulikaa ghorofani, juu ya duka la mabati. Video ikiingia, naitazama, naamua: ibaki au itolewe. Sheria zilitoka mbali, zimeandikwa kwa Kifaransa kizuri sana.

Asubuhi moja ikaingia video kutoka upande wa Beni. Watu wanakimbia na magodoro kichwani. Kando ya barabara mwanamke amepiga magoti, ameipa kamera mgongo, mbele ya maiti iliyofunikwa kitenge hadi kifuani. Analia kwa Kinande. Uso wake sikuuona, lakini sauti ile ilinibembeleza utotoni Lubero, siku ambazo mama alishinda shambani. Alikuwa mama mdogo wangu. Na yule aliyelala pale alikuwa mume wake.

Nikasimama. Chef wetu, msimamizi wa bureau, kijana aliyetumwa kutoka Kinshasa, akauliza nina nini.

"Chef, ule ni mama mudogo wangu. Bameua bwana yake. Uniache niende Beni."

Akainama kwenye skrini yangu.

"Pole sana, dada. Lakini ubonyeze kwanza. Maiti inaonekana, donc inatoka. Kisha uende."

Nikabonyeza. Nikashuka ngazi kutafuta gari.

Nilipofika Beni walikuwa wamekwisha kumzika. Mama mdogo alikuwa ameketi mkekani kwenye nyumba ya parokia, miguu bado ina udongo.

"Ulijua namna gani?" akaniuliza.

"Niliona mu video."

Akanishika mkono. "Unionyeshe. Balimuzika mbio-mbio, sikumuangalia muzuri."

"Hapana iko tena, mama. Mimi ndiye niliitosha, nikaifuta. Ni kazi yangu."

Akaniachia mkono. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

Miezi ikapita, kampuni yenyewe ikatafuta mtaalamu wa lugha za huku, mtu wake kabisa. Nikaomba. Mahojiano yalifanyika kwa kompyuta. Walikuwa watatu, na aliyeongoza alikuwa bwana mwenye Kiswahili cha pwani, laini, kisicho na mkwaruzo.

"Tueleze uamuzi mgumu uliowahi kuufanya kazini," akasema.

Nikawaeleza yote: sauti, kitenge, mkeka wa parokia. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwa urefu namna ile. Nilipomaliza, bwana yule alikuwa bado anaandika.

"Asante sana kwa kutushirikisha. Sasa, tangu uitambue ile sauti hadi kubonyeza, ulichukua muda gani?"

Nilidhani mtandao umekata maneno. Nikamwomba arudie. Akarudia kwa upole, polepole, kama anayesema na kiziwi.

"Hapana jua," nikajibu; kwetu ndivyo tunavyosema sijui.

Mmoja wao akatabasamu. Mpaka leo sijui kama alikicheka Kiswahili changu au jibu langu.

Walinikataa. Waliandika kwamba niko karibu mno na matukio, na kazi inamtaka mtu asiyeegemea popote. Mtu asiye na ndugu Beni, nadhani. Lakini walituchukua kwa sababu tulikuwa na ndugu Beni, tunaijua milima na vilio vyake. Nafasi akapewa mtu ambaye hajawahi kufika huku, na chef akaniomba nimfundishe mgeni huyo matusi ya Kinande ili aweze kuyatambua. Siku hiyo nikaacha kazi.

Siku hizi naishi na mama mdogo Butembo, tunauza viazi vinavyoshuka kutoka Lubero. Tulikuwa tunachagua maharagi uani ujumbe wa kampuni ulipoingia kwenye simu.

"Banasema nini?" akauliza.

"Banauliza kama nilifurahia mazungumuzo yetu."

"Banani?"

"Bale ba kazi, benye kunikatala."

Akatupa kijiwe alichokitoa kwenye maharagi. "Na bwana yangu, balikuuliza jina yake?"

"Hapana, mama."

Akavuta ungo karibu na magoti yake, akaendelea kuchagua.