Kilichomfanya Papa Bolila Aache Kula

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya wakati wa vita, nilipomkuta Papa Bolila ameketi kitandani na sahani ya lituma mapajani, zile ndizi za kuponda, zimeshapoa, hajazigusa. Nakuhadithia kwa sababu umepata kazi ya kuhudumia wazee, na jana uliniambia kwamba hapo kazini watu wanapishana mlangoni bila kusalimiana.

Nilikuwa msichana, nimeajiriwa katika nyumba ya wazee hapa Kisangani. Wazazi wangu walikuja kutoka Butembo kuuza vitenge, nami badala ya kukaa dukani nikapenda kazi ile. Nilikuwa na tabia ya kuulizauliza. Mama aliniambia siku moja maswali yangu yatanikosesha mume. Yeye alikosea, babu yako alinioa, ila hayo ni mengine.

Majeshi ya wageni yalikuwa yamepigania mji wetu, yakauacha na mashimo. Meli hazikuja, chumvi na sabuni vilikuwa vitu vya kutafuta. Wazee wetu waliongezeka, maana familia zilizokimbia hazikuweza kuwabeba wote. Na sisi wafanyakazi tukagawanyika. Waliozoea Lingala walikaa jikoni, waliotoka upande wa mashariki tukakaa uani penye nguo. Waliomaliza zamu waliondoka bila kuwaambia wanaoingia nani amelala vibaya, nani anaharisha. Hakuna aliyetuamuru. Tulijikuta hivyo tu.

Papa Bolila alikuwa mtu wa Yahuma, amefanya kazi katika shamba la mawese mpaka mgongo ukapinda. Alikuwa mla chakula hodari. Alipoanza kurudisha sahani, wa jikoni walisema sisi tunamnyima maji, na sisi tukasema wao wanapika vibaya. Akazidi kukonda. Mama Antoinette, muuguzi aliyetuongoza, alimpima, hakuona homa wala kidonda mdomoni.

Mimi swali lile lilinikaa kichwani. Mtu mwenye njaa anawezaje kuitazama lituma asiile? Asubuhi ile sikuichukua sahani. Nikavuta kiti.

"Papa, juu ya nini haukule?" nikamuuliza kwa Lingala yangu ya kukwaruza, maana Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji tu.

"Nimeshiba, mwanangu."

"Umeshiba nini, na jana hukula?"

Mimi nikakaa. Nilimuuliza habari za mawese, jinsi ya kupanda mchikichi bila kuanguka, akanieleza kwa mikono. Kisha akasema taratibu, kana kwamba ananiambia habari ya mtu mwingine:

"Nilimsikia Eyenga hapo koridoni. Alisema, mmekuwa wengi mno hapa, chakula hakitoshi, kwa nini hamwendi kwenu? Na kweli tumekuwa wengi sisi wazee. Mimi kwetu siwezi kufika. Nikasema, basi, nipunguze kula, ugomvi uishe."

Eyenga alikuwa mpishi wetu, na maneno yale nami niliyasikia. Hakuwaambia wazee. Kwa Lingala alimwambia Amisi, mtu wa Maniema aliyewaogesha wanaume, akimaanisha sisi wa mashariki. Amisi alimjibu kwa Kiswahili, kwa hasira, na mzee akaelewa nusu moja tu ya ugomvi.

Nikakimbia kwa Mama Antoinette nikamwambia Eyenga anamuua mzee. Alikuwa anachemsha sindano. Hakugeuka.

"Eyenga umemwambia?"

"Hapana, Mama."

"Alors, sasa kwa nini unaniletea mimi? Neno la Eyenga lipeleke kwa Eyenga. Ukishalipitisha kwangu, litakuwa mashtaka."

Nilinuna, nakwambia kweli, lakini Mama Antoinette aliposhika njia ya jikoni nikamfuata. Aliwaita Eyenga na Amisi, akatupeleka sote kitandani kwa Papa Bolila, akamwomba mzee arudie alichonieleza. Akarudia. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Eyenga ndiye aliyepiga magoti kwanza. "Papa, haikuwa ninyi. Nilimwambia huyu."

"Na yeye amekukosea nini?" mzee akauliza. Aliuliza kwa kutaka kujua hasa.

Eyenga akasema mdogo wake alitoka kwenda kununua mafuta siku ya mapigano na hajarudi, na kila akisikia Kiswahili cha mashariki anawaona wanajeshi wale. Amisi akasema yeye halali kwake tena, majirani wamemwambia akirudi watamchoma, na analala kwenye chumba cha nguo. Tulikuwa tunafanya kazi pamoja kila siku, mwanangu. Hakuna aliyekuwa amewauliza.

"Mleteeni huyo Amisi chakula," Papa Bolila akasema. "Nami nileteeni."

Eyenga alipika lituma nyingine, na samaki mdogo juu yake. Mzee na Amisi walikula wote wawili pale kitandani.

Kuanzia siku ile Mama Antoinette alitaka zamu zipokezane mbele ya wazee, kwa lugha zote mbili, na wazee wenyewe wakisahihisha. Mwanzoni ilichosha. Eyenga na Amisi hawakuwa marafiki mara moja. Kuna siku bado walinuniana. Lakini waliambiana nani amelala vibaya. Mdogo wake Eyenga hakurudi kamwe, na siku familia ilipofanya matanga, Amisi ndiye aliyepanga viti. Papa Bolila aliishi mpaka vita vikaisha, akinenepa tena.

Basi, mwanangu, ukienda kazini kesho, anza wewe kusalimia. Ukiona mwenzako mkali, muulize amelalaje kabla hujamhukumu. Neno la mtu mpelekee mwenyewe, usilizungushe kwa mkubwa. Na mkigombana, jueni kitandani kuna mtu anayesikia nusu, na nusu hiyo ataibeba peke yake. Wazee hula amani yenu kabla ya kula chakula chenu.

Mungu akupe masikio mazuri na mikono isiyochoka, akupe wenzako wa kucheka nao mchana wa kazi. Na siku utakapofika umri wangu, akupe mtu wa kuvuta kiti na kukuuliza.