Tulivyokwenda Wales Nikingoja Kuambiwa

Mdogo wangu Elia si mtu wa likizo. Anaendesha mashine za kunyanyulia mizigo kwenye ghala moja kule Hayes, karibu na uwanja wa ndege, na siku zake za mapumziko huwafanyia wenzake shifti. Kwa hiyo aliponipigia simu na kusema, "Dada, jiandae, Jumamosi tunakwenda Wales kuangalia milima," sikufurahi. Nilikaa kitandani na simu mkononi nikijiuliza amekufa nani.

Nyinyi mlioko nyumbani mnaijua desturi yetu. Habari ya msiba haitupwi kwenye simu. Watu hukusanyika kwanza, huja nyumbani kwa mwenye msiba na chakula, humkalisha, huhakikisha amekula, kisha mkubwa mmoja ndiye anayesema. Huku London tumeibeba desturi hiyo kama ilivyo. Pale Edmonton ninakoishi, kina mama wa kanisa wamenipa mimi kazi ya kusema, kwa sababu eti nina sauti tulivu. Nimewaambia wengi. Siku hizi mtu akifungua mlango akaniona nimeshika sufuria, hujishikiza mlangoni. Kuna binti mmoja nilimpelekea uji wa uzazi, mtoto wake ana wiki moja, akapiga kelele hadi majirani Waturuki wakatoka nje.

Sasa mama yetu yuko Same, na tangu masika moyo wake unasumbua. Amelazwa, ametolewa, amelazwa tena. Elia analijua hilo, mimi nalijua, halafu ghafla anataka kunipeleka milimani ambako mtandao wa simu haushiki. Nilipakia sweta, viatu vya kutembelea na koti la mvua. Chini kabisa ya begi nililaza gauni langu jeusi la misibani.

Jumamosi asubuhi walikuja kunichukua. Wa kwanza kuniogopesha alikuwa wifi yangu Grace, mke wa Elia, ambaye ni muuguzi. Alikuwa amekaa kwenye usukani. Elia kumwachia mtu gari lake! Mwanaume huyu aliwahi kuendesha hadi Birmingham akiwa na homa ya kutetemeka, mkewe kakaa pembeni na leseni yake mfukoni.

"Mgongo unanisumbua," Elia alisema, akalibeba begi langu bila kuombwa. Hilo nalo nikaliweka moyoni. Begi langu hajalibeba tangu aoe.

Barabara ya kwenda magharibi ni pana na inachosha macho, malori mtindo mmoja. Niliwasha redio, Elia akaizima taratibu. Tuliposimama kupumzika kabla ya daraja kubwa la kuingilia Wales, Grace alifungua kikapu: chapati, mayai ya kuchemsha, nyama ya kukaanga.

"Kula, wifi. Kula vizuri."

"Nimeshakunywa chai."

"Chai siyo chakula. Ongeza na hili yai."

Nilimtazama usoni. Hayo ni maneno yangu mwenyewe, tena kwa sauti ileile ninayoitumia mimi nikiwa nimekaa kwenye sofa la mtu ambaye bado hajajua. Nililila lile yai.

Mtauliza kwa nini sikuwauliza moja kwa moja. Naweza kusema ni heshima, maana anayengoja kuambiwa halazimishi. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Muda wote ambao sijauliza, mama alikuwa bado anapumua, na mimi nilitaka aendelee kupumua walau mpaka tuvuke lile daraja.

Mchana tuliingia kwenye mbuga ya milima ya kusini, ile iliyo juu ya mji wa Brecon. Msifikirie mbuga ya simba. Huku mbuga ya taifa ina watu, mashamba na kondoo wanaopakwa rangi ya buluu mgongoni ili kila mwenye nao awatambue. Milima yenyewe haina mti hata mmoja. Ni nyasi tupu tangu chini hadi kileleni, kijani halafu kahawia, na vivuli vya mawingu vikipita juu yake kimya kimya. Sisi Wapare tumezoea mlima wenye migomba, mifereji na moshi wa jikoni, kwa hiyo kwangu ilionekana kama milima iliyohamwa. Hata hivyo ni mizuri, sitasema uongo.

Elia alitaka tusimame kila penye nafasi ya kuegesha. Alishuka, akaegemea ukuta wa mawe, akaangalia. Aliangalia muda mrefu kuliko mtu anavyoangalia mlima.

"Dada, pale juu kabisa, kushoto. Kuna watu wanatembea?"

"Wapo. Mmoja ana koti jekundu."

"Koti jekundu," alirudia, akageuza kichwa kizima kumtafuta. Nikasema moyoni, huyu anajipa moyo wa kusema. Nikajikaza. Akarudi garini.

Usiku wa kwanza tulilala Brecon, mji mdogo wenye mto na maduka ya viatu vya kupandia milima. Pale mtandao ulishika, nikampigia Naomi, mdogo wetu wa mwisho anayekaa na mama.

"Mama amelala, Dada."

"Muamshe nimsalimie."

"Dada, huku ni saa nne za usiku. Dawa mpya zinamlaza mapema. Piga mchana."

Nilisikiliza sauti yake kama daktari anayesikiliza kifua. Ilikuwa sauti ya kawaida, na hiyo ndiyo iliyonitia shaka zaidi, maana Naomi hajawahi kuniongelesha kwa upole namna ile bila kulalamika juu ya jambo fulani.

Jumapili tulielekea kaskazini kupitia vimiji ambavyo majina yake Grace aliyasoma akayaacha njiani. Barabara inapinda pinda katikati ya vilima, na kabla ya kila kona kali wameandika ARAF kwa herufi kubwa kwenye lami, ndiyo "polepole" kwa lugha yao. Miji yenyewe ina mtaa mmoja, duka la nyama, baa, kanisa na wazee wanaokuangalia mpaka upotee. Machynlleth ina mnara wa saa katikati. Tulikunywa chai karibu yake, na mwenye mkahawa akatuuliza tumetoka wapi.

"London," Grace alijibu.

"Poleni," alisema yule mama, na wote wakacheka isipokuwa mimi. Siku hiyo sikutaka pole ya mtu yeyote.

Baada ya hapo kuna sehemu barabara inateremka ghafla na ziwa linatokea chini, jembamba, limebanwa na milima pande zote. Grace aliegesha. Elia alisema, "Ni kama ukiwa juu kwetu, unaangalia bonde," na sauti yake ikakatika. Grace akamshika mkono. Mimi niliwapa mgongo nikaangalia maji, nikaanza kuhesabu nani atanunuliwa tiketi kwanza, nani atapiga simu kanisani, na kama nitafika kabla hawajazika.

Jioni tulifika Dolgellau, mji wa nyumba za mawe ya kijivu chini ya mlima mkubwa. Mwenyeji wetu, mama wa makamo aitwaye Menna, alikuwa na vyumba vitatu vya wageni na mbwa mmoja kiziwi. Alimpa Elia chumba chenye dirisha linalotazama mlima, tena alimwongoza kwenye ngazi akimwambia idadi ya vidato. Mimi alinipa mkono, akanishika bega, akaniletea chai na biskuti bila kuombwa. Mzungu kunishika bega! Kumbe hata mwenye nyumba amekwishaambiwa. Wamebaki kuniambia mimi tu mwenye mama.

Nilikuwa napita mlangoni pa jikoni nikirudisha kikombe, ndipo nikamsikia Menna akimuuliza Grace kwa sauti ya chini, "Dada yake ameshajua?"

"Bado," Grace alisema. "Elia anasema kesho."

Sikulala. Nilimlilia mama yangu nikiwa nimeuma shuka ili wasinisikie kwenye chumba cha pili. Nililia kwa upendo na kwa hasira pia, hasira ya kuzungushwa nchi nzima kama mtoto anayepelekwa kuchanjwa.

Jumatatu asubuhi nilivaa lile gauni jeusi. Nilifunga kitambaa kichwani, nikateremka. Kwenye chumba cha chakula Menna alikuwa anakaanga mayai, Elia na Grace wamekaa mezani. Nilipita bila salamu, nikavua viatu, nikakaa chini kwenye zulia, mgongo ukutani, miguu nimeinyoosha, kama tunavyokaa msibani.

"Dada?" Elia alisimama. "Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimekula jana, nimekula juzi, nimeshiba. Semeni."

"Tuseme nini?"

"Mama amefariki lini?"

Grace aliweka mikono mdomoni. Mbwa alikuja kuninusa miguu. Elia alikuja akipapasa ukingo wa meza, akachuchumaa mbele yangu.

"Mama ni mzima, Dada. Nani kakwambia amefariki?"

"Hakuna aliyeniambia! Hilo ndilo tatizo! Mnanilisha, mnanibebea begi, mnazima redio, huyu mzungu ananipapasa mabega. Mimi kazi hii naifanya, Elia. Huwezi kunificha."

"Ni macho yangu," alisema.

Nilifurahi. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mama yangu yu hai, na furaha ikanijaa kifua kizima, nikamshukuru Mungu kwa sauti, na ilichukua muda kabla sijasikia kwamba ndugu yangu alikuwa amesema jambo jingine.

Alinieleza polepole, Grace akisaidia pale alipokwama. Ni presha ya macho. Ilianza zamani bila maumivu, ikala pembeni kwanza, na yeye akadhani ni uchovu wa ghala. Jicho la kulia limebakiza kama tundu la ufunguo. La kushoto ni afadhali, lakini linafuata. Kilichopotea hakirudi, na matibabu yanayokuja ni ya kuchelewesha tu. Kazini walishamwondoa kwenye mashine, na leseni ya gari ameirudisha mwenyewe.

"Daktari hataki nisafiri mbali mpaka wamalize," alisema. "Nikafikiri, kama siwezi kufika Upare kwa sasa, basi nione milima iliyo karibu. Nione na wewe."

"Kwa nini hukuniambia pale Edmonton?"

"Ningekwambia wewe, siku hiyohiyo kina mama wangekuja kwangu na masufuria. Mimi sijafa, Dada."

Nilimshika uso kwa mikono miwili, kama nilivyokuwa nikimshika akiwa mdogo na mama yuko shamba, nikalia mbele ya wageni. Menna alizima jiko, akaja na birika, akakaa chini kwenye zulia pamoja nasi, naye miguu kaitandaza.

Kabla ya kuondoka tulipanda kidogo njia ya mlima, Elia na mimi, nikiwa bado na gauni jeusi na viatu vya matope. Nilianza kumwelezea: pale kuna jiwe, pale kuna kijito. Akanikatiza. "Usinielezee bado. Bado naona." Basi nikaacha, tukawa tunaangalia tu, na kwa mara ya kwanza safari nzima niliiona ile milima.

Kuna nililojifunza, na nimeshaanza kulitumia. Siku hizi nikipeleka sufuria kwa mtu pale Edmonton, natamka kabla mlango haujafunguka: "Hakuna msiba, nimeleta chakula tu!" Wananicheka. Lakini sasa najua yule anayengoja ndani anapitia nini, na zile dakika za kumlisha kwanza, ambazo zamani niliziona ni hisani, sina uhakika nazo tena.

Tulirudi London kwa barabara ya mashariki. Njiani tulisimama kwenye kituo cha kupumzikia, pahala pa kelele, lakini mtandao ulikuwa mzuri na Same ilikuwa bado jioni yenye jua. Nilipiga simu ya video. Naomi aliitoa simu nje, na mama akatokea, amekaa kibarazani, kajifunga kanga, amekonda.

Elia aliinyakua simu. Aliisogeza hadi ikakaribia pua, akaipeleka kushoto, akairudisha, akaipeleka tena kushoto.

"Mama, geuka kidogo. Hapana, upande wa jua. Inua uso."

Mama aligeuka, akainua uso, kisha akakunja ndita.

"Mbona mnanigeuza hivi? Na mkubwa wako naye yupo hapo, namwona. Na mkeo. Nyote pamoja, siku ya kazi?" Akasogea kwenye simu. "Nani amekufa?"

Elia aliendelea kuisogeza simu. Niliinama kando yake mpaka mama akaniona vizuri.

"Hakuna aliyekufa, mama," nilisema. "Kaa hivyohivyo kwenye jua. Elia anakuangalia."