Ng'ombe Aliyegeuzwa Jiwe

Mwaka nzige walipotumalizia wimbi shambani, tuliambiwa kwamba pesa zimeanguka. Aliyetuambia ni karani wa shamba la majani chai upande wa Kericho, mtu wa kutoka ziwani aliyevaa tai hata siku ya matope. Pesa zimeanguka Ulaya, alisema, na kwa hiyo kazi imepungua huku. Nikamuuliza, kama zimeanguka si ziko chini, kwa nini wenyewe wasiiname waziokote? Wanaume walicheka. Nilikuwa mwanamke kijana wakati ule, mama wa watoto watatu, na mdomo wangu haukuwa na mlango.

Mume wangu alikuwa akiendesha maksai wa mkokoteni kwenye shamba hilo. Alirudishwa nyumbani na wenzake wengi. Alifika na blanketi moja, sufuria yenye tundu, na kofia ngumu ya jua ambayo msimamizi wake Mzungu alimpa badala ya kumwambia pole. Tangu siku hiyo aliivaa kila alipotaka kufikiri, na ole wetu, alifikiri sana. Nilikuwa nikimwona anaitoa ukutani, nahesabu vyombo vyangu.

Hakuwa peke yake. Kipindi kile kila mwanamume wa kilima chetu aligeuka mfanyabiashara. Mmoja alinunua wembe akawa kinyozi. Lakini wateja wake wote walikuwa watu wa rika lake, na utamtozaje mtu mliyetahiriwa pamoja? Baada ya miezi miwili alikuwa na wembe butu na marafiki wenye vipara vinavyong'aa. Mwingine alifungua kibanda cha chai kwenye njia ya Sosiot, chai ile ile tuliyoichuma bila kujua ladha yake. Ukoo wake wote ulikuja kuonja, ukapenda, ukaonja tena. Alipofunga kibanda walimlaumu kwamba ana roho mbaya.

Mume wangu aliwacheka hao mpaka akakohoa. Kosa lao, alisema, ni kufanya biashara na watu. Yeye atafanya biashara na maji. Alikuwa ameona mashine ya maji kwenye shamba la Mzungu mmoja, gurudumu linazungushwa na mto na jiwe linasaga mahindi lenyewe. Wanawake wa kwetu walikuwa bado wanapiga magoti kwenye mawe ya kusagia tangu alfajiri, na kambi za wafanyakazi zilitaka unga kila siku hata kama pesa zimeanguka.

"Maji hayana ukoo wala rika, mama watoto," aliniambia, kofia kichwani.

Hapo nilikiri kimoyomoyo kwamba safari hii amefikiri jambo. Shida ilikuwa fundi. Alikuwa Mkikuyu, Mkristo mpole aliyeomba kabla ya kugonga msumari, na mawe ya kusagia alikuwa nayo. Ila hakutaka pesa. Pesa zimeanguka, alisema, lakini ng'ombe bado amesimama. Alitaka ng'ombe wa maziwa.

Tulikuwa na mmoja tu, mwekundu mwenye paji jeupe. Tena hakuwa wetu, alikuwa wangu. Kwetu kila nyumba ya mke ina ng'ombe wake, na mume hamgusi huyo bila kukubaliana na mwenye nyumba. Maziwa yake ndiyo niliyoyagandisha kwenye kibuyu kwa ajili ya watoto. Na mwezi ule ule nilikuwa nimemwachisha ziwa mtoto wangu mdogo.

Mume wangu alitaka kibali changu namna hii: "Kesho asubuhi usimkamue yule mwekundu. Ana safari."

"Na watoto watakunywa nini, baba watoto? Jiwe?"

"Watakunywa faida," akasema.

Nilipiga kelele, nikalia, nikamwita majina ambayo siwezi kuyaandika. Lakini ningemkataza vipi? Nilikuwa nimefunzwa kupiga kelele, sikufunzwa kukataa. Asubuhi ng'ombe alishuka kilima akiwa nyuma ya fundi, akigeuka kutazama kila hatua chache, na mimi nikarudi ndani kupika uji wa maji.

Mama yangu aliishi ng'ambo ya mto huo huo. Habari zilimfikia kabla ng'ombe hajafika barabarani. Nilitegemea aje juu kama moto, maana alikuwa mkali. Aliniuliza tu mashine itaanza lini.

Ilianza baada ya mvua. Wanarika wake walichimba mfereji, wakanywa pombe ya wimbi langu la akiba, wakachimba tena kidogo. Kwa kweli ilikuwa kitu cha kupendeza. Maji yaliingia, gurudumu likalia, na unga ukashuka laini, wa moto, unanukia. Wanawake walioumwa magoti miaka yote walisimama pale wakicheka kama wasichana. Bei ilikuwa ya unga: kila kikapu, kibuyu kimoja kidogo cha mwenye mashine. Mume wangu alikaa kwenye kigoda mlangoni, kofia kichwani, kibuyu mkononi, akimsubiri tajiri aliyekuwa ndani yake atoke.

Ndipo mama yangu akatokea njiani na kikapu chake.

Nieleze hapa kwa wasiojua. Kwetu mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake. Akimwona njiani, anaiacha njia. Hasemi naye, hali mbele yake, hamtaji jina. Ni heshima, na mume wangu, pamoja na mambo yake yote, alikuwa mtu wa heshima. Aliruka kigoda, akavuka mfereji, akatumbukia kichakani. Kofia ilibaki ikibingirika mlangoni.

Mama alisaga mahindi yake polepole. Hakuna aliyemtoza, maana mtozaji alikuwa miibani. Waliokuwa nyuma yake nao walisaga, wakaangalia kushoto, wakaangalia kulia, wakajitwika vikapu vyao wakaenda. Mume wangu alitoka kichakani jioni, amejaa siafu, akasema leo biashara imeanza vizuri ila kulikuwa na tatizo dogo.

Kesho yake mama alirudi na wanawake saba. Kesho kutwa wakawa zaidi. Akishamaliza kusaga alikaa kivulini akipiga soga mpaka wa mwisho wao amalize, na mkwe wake huko kichakani hathubutu hata kupiga chafya. Mume wangu akajenga ukuta wa fito na kuacha tundu la kupitisha kibuyu, ili atoze bila kuona mtu. Mama akapitisha mkono kwenye tundu, akaupunga taratibu. Mume wangu aliutambua kwa bangili, akatoka mbio kwa nyuma. Mkono wa mkwe nao ni mkwe.

Nikamwambia, "Acha mimi nikae pale. Yule ni mama yangu, mimi simkimbii."

"Mwanamke ashike mashine? Watu wa Roret watasema nini?"

Watu wa Roret hawakuwa wamepata hata kusikia kwamba yupo. Lakini basi, akaendelea kwenda kichakani kila siku kama mtu aliyeajiriwa huko. Mimi nikawa nasaga mahindi ya kuombaomba na kuwapa watoto uji. Mtoto wangu mdogo alianza kubadilika nywele, zikawa nyepesi, rangi ya majani makavu. Alikuwa halii tena. Mtoto anayelia unajua la kufanya. Huyu alinitazama tu, na mimi nikawa nakwepa macho yake. Nilitaka ng'ombe. Usiku na mchana sikutaka kitu kingine duniani.

Jirani yangu ndiye aliyenifungua macho, tena kwa bahati mbaya. Alilalamika kwamba mama yangu ameongeza bei.

"Bei gani?"

"Ya kutusindikiza mashineni. Zamani alitaka nusu kibuyu kwa kila kikapu. Sasa anataka nusu iliyojaa."

Nilikaa chini. Mama yangu mzazi! Alikuwa amefungua duka ndani ya mashine ya mkwe wake. Heshima ya kukimbiwa ndiyo iliyokuwa bidhaa, na alikuwa akiiuza nusu bei. Unga aliupeleka mwenyewe kwenye kambi za wachuma majani. Wanaume wote wa kilima walihangaika kutafuta biashara, na kumbe mwenye akili ya biashara alikuwa kikongwe mwenye bangili. Ningekuwa mtu mwingine ningecheka. Lakini nilimfikiria mtoto wangu anayenitazama, nikawaka. Mama anakula jasho la wajukuu wake! Ndivyo nilivyosema, kwa sauti, na jirani akasikia.

Asubuhi mume wangu alikuwa na jicho lililovimba kwa nyuki. Hakuwa na nguvu za kunikataza. Nikaichukua kofia yake, nikaivaa, nikakaa kwenye kigoda.

Mama alikuja na msafara wake. Aliponiona alisimama kidogo, kisha akasaga kama kawaida. Alipotaka kujitwika kikapu nikanyoosha mkono.

"Eiyo," nikasema, maana ndivyo tunavyomwita mama kwetu, "kibuyu cha mwenye mashine."

Wanawake waligeuka wote. Mmoja akasema, "Unamtoza aliyekuzaa?" Nikajibu kwamba nilimzaa na mimi mtu, naye hana maziwa. Mama alinitazama, akaitazama kofia, kisha akapima unga kwenye kibuyu changu mpaka ukamwagika. Akapima cha pili, ambacho sikuomba.

"Vizuri," akasema. Akaenda zake.

Waliobaki walilipa bila ubishi. Jioni nilikuwa na gunia zima, na sikuweza kuumeza ugali wake. Mama hakuja tena mashineni, wala kwangu. Mwezi ulipita. Wanawake waliendelea kuja, mimi nikaendelea kutoza, na ghala likajaa, lakini nilikuwa naangalia ile njia ya mtoni kila siku. Niliona haya hata kumtuma mtu akamsalimie.

Nilikuwa nimemwambia mume wangu kwamba unga huo ni ng'ombe, asiuguse. Alikubali kwa kichwa. Siku moja nikiwa mashineni alichukua kofia, akaazima punda wa wanarika wake, akateremka Kericho kwenye duka la Mhindi na kila gunia lililokuwemo. Alirudi anasukuma baiskeli. Ni ya kubebea unga, alisema. Kwenye vilima vyetu, ambako baiskeli ndiyo humpanda mtu! Hata unga wa kubeba haukuwepo tena. Safari hii sikupiga kelele. Nilimchukua mtoto wangu mdogo, nikaketi naye nje ya ghala tupu, nikalia bila sauti. Nilimchukia mume wangu siku ile, na sijioni nina haja ya kuificha chuki hiyo leo.

Siku ya tatu alikuwa uani anaifuta baiskeli kwa kitambaa changu, mara ikaanguka kwa kishindo, yeye hayupo. Miti ya nyuma ya nyumba ilitikisika. Nikajua nani amekuja.

Mama alikuwa langoni. Ameshika kamba, na kwenye kamba kulikuwa na ng'ombe mweusi, na nyuma ya ng'ombe ndama wa wiki chache.

"Huyu ni wa nyumba yako," akasema.

"Eiyo, umemtoa wapi?"

"Mashineni." Akaitazama baiskeli iliyolala chini, gurudumu lake bado linazunguka. "Ule unga ningemwachia yeye, leo ungekuwa na baiskeli mbili. Mwanamume wako akimwona ng'ombe anaona jiwe, akiona jiwe anaona kitu kingine. Nikaona bora nimtunzie kwangu."

Maneno niliyomwambia jirani yalinirudi yote. Nikaanza kumwomba msamaha, nikasema nitamrudishia vile vibuyu viwili hata kama ni kwa kuazima. Akanikatiza.

"Usirudishe. Ng'ombe huyu nilikuwa naye tangu kabla ya vibuyu hivyo."

"Tangu kabla? Na mtoto anavyoonekana hivi? Kwa nini hukumleta?"

"Ningemleta kwa nani? Mume wako angesema ana safari, wewe ungelia, na angekwenda. Siku ile uliponitoza nikajua sasa naweza kumleta. Mwanamke anayeweza kumtoza mama yake hawezi kushindwa na mumewe. Nilikuwa nangoja ng'ombe azae tu."

Kisha akaniuliza kibuyu cha maziwa kiko wapi, kana kwamba hatujasema lolote. Nilikamua pale pale. Mtoto wangu mdogo alikunywa yangali na povu, akavuta pumzi, akanywa tena, halafu akalia akitaka zaidi. Sikuwa nimekisikia kilio hicho kwa muda mrefu.

Mume wangu alitoka kichakani baada ya mama kuvuka mto. Alimzunguka ng'ombe mara mbili, akamshika nundu, akamtazama meno. Halafu akaingia ndani kuchukua kofia. Nikasimama mlangoni.

"Huyu hana safari," nikamwambia. "Ukiwa na mpango naye, nenda ng'ambo ukaongee na mama aliyemleta."

Akatazama upande wa mto. Kisha akaitundika kofia ukutani, akaniuliza kama maziwa yamebaki.