Supu ya Kaa na Mpishi Asiyeionja

Mimi ni mtu wa maneno, wanaonijua hapa mtaani Misunkumilo watakwambia. Nikichokozwa najibu, nisipochokozwa pia najibu. Lakini Jumatatu ile niliporudi kutoka msibani kwetu Majimoto, maneno yaliniisha. Nilisimama mbele ya kibanda chetu cha supu na mfuko wangu mkononi, naangalia. Ilikuwa saa nne asubuhi na mabenchi yote yalikuwa matupu.

Saa nne kwetu ndiyo saa ya kugombania nafasi. Bodaboda, mafundi, akina mama wanaotoka sokoni, hata karani mmoja anayejifanya amepita tu, wote wanafuata supu ya kaa ya Bibi Kasilda. Bibi huyu ni Mbende wa Mwese, kule milimani, aliteremka mjini Mpanda zamani sana na chungu cha bibi yake kichwani. Sasa ana miaka sitini na minane, miguu inavimba, na kila mtu alijua kwamba mvua zikianza anarudi kwao kupumzika. Kibanda, chungu na upawa alishasema ataniachia mimi. Mimi ni mjane, nina watoto watatu na kashamba kasikoona maji. Ahadi ile nilikuwa naamka nayo na kulala nayo.

Supu yenyewe ngoja nieleze, maana siku hizi kila mwenye sufuria anasema anapika supu ya Mwese. Kaa wanatoka kwenye mito ya milimani. Masele, kijana anayetuuzia, anawaleta kwa pikipiki ndani ya gunia lililoloweshwa, na lazima wafike hai. Aliyekufa njiani anatupwa, hata awe mnono namna gani. Unawaosha, unafungua gamba la mgongoni, unatoa yale manyoya ya kijivu ya ubavuni, kisha kilichobaki chote kinaingia kwenye kinu, na miguu yake na magamba yake, unatwanga mpaka uji. Uji ule unachanganya na maji, unachuja kwa kitambaa mara mbili, unateleka kwenye chungu cha udongo kwa moto mdogo. Hapo hukorogi. Ukikoroga umeharibu. Unangoja nyama ipande juu yenyewe, ijikusanye kama maziwa yaliyoganda, ichemke vya kutosha, ndiyo unatia tangawizi, pilipili, ndimu na chumvi. Hakuna mafuta, hakuna nazi, wala vile viungo vya pakiti.

Akishamaliza, Bibi Kasilda ananyanyua upawa, ananusa, anafumba macho. Bakuli la kwanza anampa Mzee Evodi. Huyu ni mvuvi mstaafu wa Ikola, kule ziwani, alifiwa na mkewe akahamia kwa binti yake hapa mjini, na kila siku iendayo kwa Mungu anakaa benchi lile lile la pembeni. Anakunywa vijiko vitatu, anasema, "Hapo sawa." Ndipo wengine wanapakuliwa. Mimi nilidhani ni heshima ya uzee tu.

Sasa asubuhi ile alikuwa peke yake, Mzee Evodi, na bakuli lake limeisha kabisa. Chungu kilikuwa kimejaa mpaka shingoni.

"Bibi, watu wako wapi?" nikauliza.

"Leo siku ya tatu," Bibi Kasilda akasema. "Wanakunywa vijiko viwili wanaacha, wanaondoka hata kuaga hawaagi. Nimemgombeza Masele, nahisi ananiletea kaa wa kwenye madimbwi. Lakini mbona mzee anasema hapo sawa?"

Hasira zikanipanda. Watu wetu wamekimbia siku tatu tu nimeondoka? Sikufikiri. Nikachukua kijiko, nikachota, nikatia mdomoni. Jamani, yalikuwa maji ya kuoshea vyombo. Chumvi hakuna, ndimu inasikika kwa mbali.

"Bibi, hii supu hukuionja?"

Alikuwa anakiangalia kijiko mkononi mwangu, macho yamemtoka.

"Mimi sionji," akasema taratibu. "Tangu nina miaka kumi na minne kaa hajapita mdomoni mwangu. Wewe Mama Ngusa, umeanza lini kula kaa?"

Nilibaki na kijiko kile, sijui nikirudishe, sijui nikifiche. Miaka sita nimefanya kazi na mwanamke huyu. Nilimwona kila mchana anakula ugali na dagaa, nikadhani amekinai supu. Kumbe hajui supu yake ina ladha gani. Nikakaa juu ya kinu.

Akanieleza. Kwao upawa wa kaa unatoka mkono wa mwanamke kwenda mkono wa mwanamke, na anayeupokea haruhusiwi kula kaa tena. Mpishi anayekipenda chungu anapikia mdomo wake, wageni wanabaki na maji. Yeye anatia chumvi kidogo aliyofundishwa, halafu ulimi wa mtu mwingine ndio unaamua. Mwenye ulimi akisema ongeza, anaongeza. Ikikosa sharti hilo, siyo supu ya kwao, hata kaa wawe wametoka mto gani.

"Ndiyo maana nilikuchagua wewe," akasema. "Nyie Wasukuma kaa hamli. Siku ya kwanza uliapa hapa mbele ya watu kwamba mdudu huyu hatapita mdomoni mwako."

Niliapa kweli. Mdomo wangu huu. Wiki mbili baadaye, nikiwa naosha chungu, nililamba kidole, na tangu siku hiyo sijawahi kuosha chungu bila kwanza kukimaliza kwa siri. Aibu ndiyo ilinifanya nifiche, siyo kingine. Sasa niliona kibanda kinanitoka hivi hivi kwa sababu ya kidole.

Nikamgeukia Mzee Evodi, maana ilibidi nimgeukie mtu. "Na wewe mzee, hapo sawa gani hiyo? Ulimi wako umeenda wapi?"

Mzee akaweka kijiko chini.

"Uliondoka mwaka ule wa barakoa," akasema. "Niliumwa wiki tatu. Nilipopona, chai, supu, maji, vyote kwangu vikawa vya moto au baridi tu. Ladha haikurudi, wala harufu."

"Miaka sita?" Bibi Kasilda akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo. "Mwenzangu, miaka sita unanidanganya?"

"Ningesema ungetafuta mtu mwingine," mzee akajibu. "Pale nyumbani hakuna anayeniuliza jambo lolote, dada yangu. Hapa ulikuwa unaniuliza kila siku."

Bibi Kasilda alishika nguzo ya kibanda. Nilimwona anahesabu kichwani, na nikajua atafika wapi kabla hajafika. Mpishi haonji. Mwonjaji hasikii ladha. Lakini watu walijaa mabenchi miaka sita.

"Sasa nani alikuwa anatia chumvi?" akauliza.

Ningeweza kunyamaza. Ningesema ni Masele, ni maji, ni msimu. Nilijua jibu lile ndilo litaninyang'anya kila kitu. Lakini mabenchi yalikuwa wazi mbele yangu, na siwezi kukaa na neno kooni.

"Mimi, Bibi. Ukimpelekea mzee bakuli lake, ukinipa mgongo, naonja, naongeza. Chumvi, na ndimu kidogo. Tangu mwezi wangu wa kwanza hapa. Niliogopa ukijua utanifukuza."

Hakunifukuza, hakunitukana. Bora angenitukana. Alichukua kitambaa akaanza kufuta upawa uliokuwa mkavu tayari. Akaufuta mpaka jua likahama, kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Usiku ule sikula. Nilikuwa najiambia asubuhi nitakwenda kumuaga kwa heshima, nichukue kanga yangu niliyoiacha msumarini, basi.

Kesho yake nilimkuta ameshachuja, chungu kiko motoni. Akaninyooshea upawa.

"Nilifikiria kumpa mpwa wangu Rahel," akasema. "Rahel hali kaa, anafuata ninachosema. Lakini yeye angeona mabenchi yanakwisha watu na bado angetia chumvi yangu ile ile mpaka chungu kife. Shika. Ila ukishika, kaa huli tena. Hata kulamba kidole."

Nilishtuka kuliko jana. Kumbe hata ukipewa kuna unachonyang'anywa. Nikamwomba nimalizie bakuli moja. Nikatia chumvi yangu, ndimu yangu, nikanywa polepole nimesimama, safari hii mbele ya watu, bodaboda wawili waliorudi kujaribu tena, na sioni haya kusema nililia. Kisha nikapokea upawa.

Bibi Kasilda akavua aproni. Akazunguka meza, akaenda kukaa kwenye benchi la wateja. Sijawahi kumwona upande ule. Mzee Evodi akasogea kumpisha.

"Nipakulie," akaniambia.

"Bibi?"

"Mimi siyo mpishi tena."

Nilimpakulia, bakuli likajaa mpaka supu ikamwagika mezani. Miaka hamsini na minne hajaionja. Wale bodaboda wawili wakageuka kumtazama. Akaweka kijiko mdomoni, kidevu kikacheza, machozi yakamtoka, hakuyafuta. Akameza. Akachota tena, na tena, vikawa vijiko vitatu.

"Hapo sawa, Bibi?" nikauliza.

"Chumvi imezidi," akasema. "Imezidi sana. Ya kwetu haikuwa hivi."

Miaka sita nimewalisha watu wa Mpanda chumvi ya Majimoto wanaiita supu ya Mwese? Nilitaka kubisha. Nilichota upawa mzima nikauinua hadi kwenye midomo nimthibitishie, kisha nikakumbuka siruhusiwi tena, nikaurudisha chunguni.

Bibi Kasilda alimaliza bakuli, akalisukuma mbele yangu niongeze. Kesho yake nilipunguza chumvi, nikampa yeye bakuli la kwanza, nikasimama pale nangoja aseme.