Bisibisi ya Mzee Okwach na Gari la Anyango

Zamani mtu alinunua gari kwa sikio na akaja kuwaachia wajukuu likiwa bado linaunguruma, lakini siku hizi mtu ananunua gari kwa kidole gumba akiwa amelala kitandani, kisha ndipo anaamka kuulizia lina injini gani.

Maneno hayo ni ya Mzee Okwach wa Buzuruga, na aliyarudia mara nyingi hata majirani wakayajua kama wanavyojua sala ya kabla ya kula. Wakimwona anatoa kiti chake nje asubuhi, walimwuliza, "Mzee, leo sikio au kidole gumba?" Naye alijifanya anapangusa kiti, kwa maana mtu akitaniwa kwa maneno yake mwenyewe hana pa kushika.

Alizaliwa kando ya ziwa, upande wa Shirati, katika nyumba ya wavuvi. Shule aliiacha darasa la nne kwa sababu ada iliisha kabla ya hamu. Kiingereza alijifundisha mwenyewe kwa kitabu cha matengenezo ya Land Rover, alichokiokota kwenye kinu cha pamba alikoajiriwa kufagia. Kwa hiyo Kiingereza chake chote kikawa cha injini. Angeweza kukueleza kwa ufasaha namna ya kushusha giaboksi, lakini siku mgeni mmoja alipomsalimia kwa Kiingereza stendi alibaki ameachama, maana salamu haimo katika kitabu kile.

Fundi mkuu wa kinu, Mhaya aliyeitwa Venant, ndiye aliyemtoa kwenye ufagio. Alimwonyesha namna ya kuweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma cha injini na mpini kwenye mfupa wa sikio. "Nyamaza," alimwambia, "chuma hakijui kudanganya." Okwach akanyamaza, na kweli akasikia: hapa panagonga, hapa panakwaruza, hapa pamekauka oili. Tangu hapo, kwa miaka zaidi ya thelathini, watu wa Mwanza walimfuata kabla ya kununua gari. Kazi hiyo ilikuwa na taratibu zake. Gari husikilizwa alfajiri, likiwa baridi. Muuzaji haruhusiwi kuliwasha kabla. Mzee akishasema neno lake, mjadala umefungwa, watu wanakunywa chai.

Kulikuwa na dosari moja tu, kwamba yeye mwenyewe hajawahi kumiliki gari. Akiulizwa alijibu, "Padri amefungisha ndoa ngapi? Na yeye ameoa?"

Baadaye kinu kilifungwa, mashine zikauzwa kama chuma chakavu, na Venant akarudishwa kwao Bukoba ndani ya jeneza. Mzee Okwach alibaki na bisibisi.

Mwaka huu binti yake Anyango alimjia na haja. Mumewe, Gidion, ni mwalimu, na alikuwa amehamishiwa shule moja mbele ya Sengerema, ng'ambo ya maji. Wana mtoto mmoja, Ajwang, wa miaka minane, aliyepewa jina la bibi yake marehemu, na mtoto huyo ana ugonjwa wa damu wa selimundu. Maumivu yakimshika hayasubiri basi la saa mbili. Kliniki yake iko Mwanza, kwenye hospitali ya rufaa.

"Baba," Anyango alisema, "rangi sitaki, redio sitaki. Nataka gari la kutubeba sisi na vitu vyetu, na nikiliwasha liwake. Utakalosema wewe ndilo tutakalochukua."

Mzee alivimba kifua kama unga uliotiwa hamira na mtu mwenye haraka. Usiku ule aliipiga bisibisi msasa mpaka ikang'aa.

Gidion alikuwa ameshaona gari moja kwenye simu. Lilikuwa kwenye yadi ya Iqbal, mtu wa ukoo uliokuwa ukiuza baiskeli mjini tangu enzi za babu. Walifika alfajiri. Mzee Okwach alianza kwa kuweka kiganja juu ya boneti. Baridi.

"Umefanya vizuri hukuliwasha," alisema.

"Shikamoo, mzee wangu. Mimi nimelelewa," Iqbal akajibu. "Marehemu baba alinionya: akija Okwach, usiwashe hata jiko."

Mzee akafurahi sana, na furaha hiyo ndiyo iliyomponza. Iqbal alibonyeza kitufe, taa za dashibodi zikawaka. Mzee akainua mkono mmoja kunyamazisha watu, hata waosha magari walioanza kazi wakafunga maji. Akainama, akaweka bisibisi, akafumba macho. Hakuhitaji muda mrefu. Alimeza mate mara tatu, kisha akajinyoosha.

"Nimesikiliza injini kabla baadhi yenu hamjazaliwa," alitangaza. "Hii haigongi, haikwaruzi, haikohoi. Inapumua kama mtoto aliyeshiba."

Iqbal alitazama viatu vyake. "Naomba radhi, mzee wangu. Injini bado haijawaka."

"Haijawaka vipi, na taa hizi?"

"Hii ni haibridi. Ina betri na ina petroli. Sasa hivi iko kwenye betri. Injini yenyewe itaamka ikijisikia."

"Ikijisikia?"

"Ndiyo, mzee. Ina uamuzi wake."

"Mzee kasikia pumzi ya marehemu!" akapiga kelele mwosha magari mmoja, na yadi nzima ikaangua kicheko. Gidion, kwa heshima ya mkwe, aligeuka kuangalia ukuta, lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Kicheko kingeishia hapo, mzee angekibeba. Bahati mbaya, wakati huohuo injini ikajisikia. Iliamka kweli, ikanguruma, na kila mtu pale akasikia isipokuwa mtaalamu. Yeye aliendelea kumfokea mwosha magari. Alikuja kujua kwa kiganja chake, kilichokuwa bado kimeegemea bati, kilipoanza kutetemeka.

"Sasa ndiyo imewaka, Baba," Anyango alisema polepole. Alimtazama usoni, na mzee akajua kwamba binti ameelewa.

Walikwenda kunywa chai kwa mama mmoja karibu na stendi ya Buzuruga. Gidion alilisifu gari lile: linakunywa mafuta kidogo, ndani ni pana, halina kelele. Mzee Okwach alikunja chapati yake bila kuila.

"Baba, hilo sikio tangu lini?" Anyango aliuliza.

"Sikio gani? Ule upepo wa ziwa pale yadi..."

"Ingekuwa ni mimi tu, ningekuachia heshima yako. Lakini ni Ajwang."

Mzee alitazama ndani ya kikombe. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu na wa moto, na angeweza kuutoa, akanywa chai yake, akabaki Okwach yuleyule wa bisibisi. Akamfikiria mtoto akijikunja kwenye kiti cha nyuma cha gari lisilotaka kuwaka, kisa babu yake hakutaka kuchekwa.

"La kulia lilistaafu miaka kumi iliyopita," alisema. "Halikuniaga. La kushoto linafanya kazi nusu siku. Watu linawasikia, chuma halikisikii."

Gidion alipaliwa na chai. "Mzee, na lile gari la jirani yako Pius ulilolipitisha mwaka juzi?"

"Lililofia Nyakato?"

"Hilohilo."

"Lile nililipitisha kwa kutazama sura ya muuzaji. Alikuwa na uso wa mtu wa kanisa."

Anyango alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kitenge. Mzee naye akacheka, kwanza kwa aibu, halafu kwa raha ya mtu aliyetua gunia. Miaka kumi alikuwa akiinama juu ya injini za watu kama mganga juu ya kibuyu kitupu, akiona haya kusema hasikii. Wanaotumia kidole gumba walau walikuwa wanaona picha.

"Na haibridi je?" Gidion aliuliza. "Tuiache?"

"Siijui, mwanangu, na leo nimeshaongea ya kutosha juu ya nisiyoyajua. Labda ni gari zuri kuliko yote niliyopata kuyagusa. Lakini kila injini ina siku yake ya kugoma. Hiyo ikigoma kule mbele ya Sengerema, nani ataifungua? Tafuteni injini ambayo fundi wa njiani anaifahamu akiwa na usingizi." Akaitoa bisibisi kwenye leso, akaisukuma mezani mbele ya Anyango. "Ulikuwa unanishikia hii ukiwa huna meno ya mbele. Sasa utasikiliza wewe. Mimi nitauliza."

Gari la pili lilikuwa Butimba, kwa mzee Chenge, mkufunzi mstaafu wa chuo cha ualimu. Lilikuwa Spacio, lenye usajili wa namba C, si jipya wala si kuukuu, na injini ya 1NZ, ile ambayo vipuri vyake vinapatikana hata dukani panapouzwa sukari. Walifika tena alfajiri, boneti baridi. Chenge aliwapokea barazani, akamsalimia Gidion kwa jina la Anyango.

"Kwa nini unauza?" Mzee Okwach aliuliza. Hilo lilikuwa swali la kwanza la Venant siku zote.

"Macho, ndugu yangu. Mwezi huu nimeligonga geti langu mara tatu, na geti halijahama."

"Basi tumekutana. Muuzaji haoni, mnunuzi hasikii."

"Tumshukuru Mungu gari halijui," Chenge akasema, na wazee wawili wakashikana mikono wakicheka.

Chenge alileta daftari la shule. Humo alikuwa ameandika kwa mwandiko wa ubaoni kila siku aliyobadilisha oili tangu alinunue, na kilomita zake. Mistari ya mwisho ilikuwa imepanda na kushuka kwa sababu ya macho, lakini hakuruka hata mmoja. Mzee Okwach alilisoma lote amesimama. Alidhani watu wa namna hii walishazikwa.

Kisha akafanya yale ambayo hayahitaji sikio. Alifungua kifuniko cha oili akatazama chini yake. Kama maji yamechanganyika ndani, pale huwa na utando wa rangi ya chai ya maziwa, lakini palikuwa pasafi. Alichomoa kijiti cha kupimia, akanusa oili, akaifuta kwa leso yake nyeupe. Haikunuka kuungua. Gidion akawasha. Likawaka kwa mara moja. Mzee akachutama nyuma kwenye ekzosi: moshi wa bluu hakuna, mweupe hakuna.

"Haya, weka," akamwambia Anyango.

Anyango aliinama, mpini sikioni, macho amefumba kama alivyokuwa akifanya baba yake.

"Kuna kasauti. Tik, tik, tik. Juu, upande wa mbele."

"Ngoja lipate moto."

Walingoja. Mzee alimtazama binti yake usoni jinsi alivyokuwa akiwatazama wauzaji, lakini huyu hakuwa na cha kuficha.

"Imepungua. Sasa haipo."

"Hiyo ni asubuhi tu. Hata magoti yangu hulia hivyo. Shuka chini. Kuna kugonga kuzito, kama mtu anapiga mlango?"

"Hapana. Chini inakwenda laini kama cherehani."

"Gidion, zima. Washa tena." Likawaka. "Zima. Washa." Likawaka. Alimfanyisha hivyo mara tano, mpaka Chenge akaingilia kwa kumwonea huruma mkwe wa watu.

"Chukueni hili," Mzee Okwach alisema.

Bernadeta, mke wa Chenge, alikuwa ameshaandaa viazi na uji, kwa kuwa kwake gari halikuondoka uani bila watu kula, kama ilivyokuwa zamani. Mzee Okwach alikula sahani mbili. Chenge hakula. Alikuwa akipapasa boneti kwa kiganja kizima, polepole, kama mtu anayesoma.

Miezi saba imepita sasa. Gari linawaka. Ajwang ameshikwa na maumivu mara mbili, na mara zote mbili alikuwa hospitalini kabla jua halijapanda. Mzee huletewa habari kwa simu, nao wakiwa wamesharudi ng'ambo: "Baba, tulipita." Wanapita kweli. Zamani za kivuko, mtu aliyekaa saa mbili kwenye foleni pale Busisi asingekubali kufika Mwanza akarudi bila kula kwa baba yake. Kwa taabu ile alidai fidia ya wali na samaki. Sasa kuna daraja. Wanavuka kwa dakika chache, wanamaliza, wanarudi, na Buzuruga haiko njiani. Mzee hujicheka mwenyewe: angewachagulia gari bovu, kila wiki wangekuwa gereji ya Nyakato na yeye angekuwa anawapelekea chai. Lakini akiwaza usiku ambao mtoto anaumwa, husema moyoni, acha lipite.

Mara ya mwisho alipowaona ilikuwa siku ile ya kuhama. Aliomba awasindikize mpaka Kigongo, penye daraja, arudi kwa basi. Alikuwa ameandaa maneno ya kuagana, marefu, ya kipimo cha kivuko: ya kusema wakati wa foleni, ya kusema watu wakila sato wa kukaanga, na ya mwisho ya kupiga kelele chombo kikiwa kinaacha gati. Gidion alisimama kando ya barabara kabla ya daraja. Foleni haikuwepo, wala wauza samaki. Ajwang alimshika mkono, akamuaga, akamwambia, "Babu, mlango ubamize, hauingii vizuri." Akaubamiza.

Hayo maneno yote hakuyasema. Alipopata la kwanza, gari lilikuwa limeshapanda darajani. Hakusikia lilivyonguruma. Akakaza macho kwenye ekzosi, kama alivyofundishwa, akitafuta moshi wa bluu, akitafuta mweupe. Hakukuwa na moshi. Akatoa leso yake yenye doa la oili, akaipunga, na aliendelea kuipunga gari likiwa limeshakuwa dogo kama dagaa juu ya maji.