Pikipiki ya Makoye na Lango Langu

Makoye alisema mimi ni mchawi. Hakunong'ona. Alisema mnadani, mbele za watu, na mdomo wake unang'aa mafuta ya nyama choma. Miaka yote nalala na neno hilo, naamka nalo. Wanaoniambia bibi samehe, umri umekwenda, nawajibu uliokwenda ni umri wangu, mdomo wake upo palepale.

Na huyo Makoye nimemlea mimi. Mama yake alikufa yeye hajaota meno, na baba yake, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa mtu wa pombe tu. Nilimlea kule Kishapu kwa jembe la pamba na uji wa mtama. Macho yangu haya mekundu ni ya moshi wa miti ya pamba na mavi ya ng'ombe niliyokuwa nampikia. Macho haya haya ndiyo alikuja kuyanyooshea kidole, maana kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu huitwa mchawi.

Alipokuwa mtu mzima akanunua pikipiki kuukuu kwa bwana shamba mmoja mstaafu. Kabla hajajua hata kuipanda sawasawa, akaipeleka kwa mganga ikazindikwe, eti wenye wivu wasiiharibu. Mganga akapaka dawa yake kwenye mfuniko wa tenki, nta nyeusi iliyochanganywa na sijui majivu ya nini, akamwambia asije akaifuta. Makoye akarudi kijijini kifua mbele.

Sasa sikiliza. Kila siku ya mnada alikuwa anajaza tenki mpaka juu pale Mhunze, mjini penye mnada, anarudi. Akifika kwenye lango la boma langu, pikipiki inakohoa, inazimika. Anapiga kiki mpaka jasho linamtiririka. Anaingia kwangu, ananiamkia, nampa maji, anakaa kivulini. Akitoka akapiga kiki, inawaka. Mnada unaofuata, vilevile. Mafundi wa Mhunze wakabadilisha plagi, wakaosha kabureta, wakaweka mpira mpya wa mafuta. Wapi! Ndipo akaanza kuwaambia watu kwamba mama yake mkubwa ndiye anayeifunga, na akishaniamkia naifungua. Kumbe alikuwa anakunywa maji yangu huku anatafuta ushahidi.

Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaitisha kikao. Mtemi wao, mzee Ngassa, akaniuliza kama nina la kusema. Nikasema mimi hata mafuta ya pikipiki yanapoingilia sipajui. Wakacheka. Nikatengwa. Kwetu ukitengwa hupewi moto, huchoti maji na wenzako, ukisalimia huitikiwi, na atakayekuitikia anatozwa ng'ombe. Baadaye wakaanza kunitupia mawe juu ya bati. Mimi najua wanawake wenye macho kama yangu walivyokufa. Nikafunga furushi nikaenda Geita, kwa binti yangu Lusia anayekaa Kalangalala. Nikaacha shamba, boma na kaburi la mume wangu.

Geita nikauza mihogo ya kukaanga karibu na banda la fundi Salmini, pale bodaboda wanapoegesha. Huku hakuna aliyeniuliza habari ya macho. Wachimbaji wenyewe macho yao mekundu kuliko yangu.

Basi mwaka jana, asubuhi moja, naona mtu anasukuma pikipiki ninayoijua. Makoye. Alikuja kutafuta dhahabu, dhahabu ikamkataa, akaingia kwenye bodaboda. Kuniona tu, hakuniamkia. Akawapazia sauti wateja wangu kwamba sasa ameelewa kwa nini inamzimikia mpaka mjini, mchawi wake amemfuata. Mimi niliyetangulia, eti ndiye nimemfuata! Mama mmoja akarudisha muhogo kwenye sinia langu, akaondoka. Nikajua nikinyamaza leo, Geita nako natoka, na sina pengine pa kwenda.

Nikamwendea Salmini. "Fundi, usimtengenezee bado. Mtafutie kwanza kinachoizima, watu wote wakiona. Kama ni mimi, nichomeni hapahapa."

Salmini ana maneno machache na matusi mengi. Akachomoa mpira kwenye kabureta, akaweka kopo chini, akafungua koki. Petroli ikatoka vizuri, ikapungua, ikawa matone, ikakata. Akatikisa tenki, limejaa. Akapuliza mpira, safi. Akafungua mfuniko. Tenki likavuta pumzi, fyuu, sote tulisikia, na petroli ikaanza kumiminika koponi. Akafunga mfuniko, tukangoja, ikakata tena. Akafungua, ikatoka.

Akaugeuza mfuniko juani, akaanza kuukwangua kwa msumari. Makoye akamdaka mkono, akasema hapo pasiguswe, ni kinga yake.

"Kinga ya mavi," Salmini akasema. "Tenki lina tundu la kupumulia, ndilo hili umeliziba na nta. Mafuta yakishuka, hewa haiingii, yanagoma. Ukienda kukaa kivulini hewa inapenya polepole, inawaka. Nani kaziba hapa?"

Makoye akanyoosha mkono ampokonye mfuniko.

"Nakuuliza wewe, nani kaziba?"

"Mganga."

"Wa nini?"

"Wa kuzuia wachawi."

Bodaboda walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa naona boma langu. Kumbe toka Mhunze mpaka langoni kwangu ndipo pumzi ya lile tenki ilipokuwa inaishia, na kwa hilo nikafanywa mbwa.

Wiliam, mwenyekiti wa kijiwe, akamwambia Makoye hataegesha hapo tena mpaka akayaseme kwao haya aliyoyasikia. Nikasema naenda naye, maana mdomo ule ukiachwa peke yake naujua.

Tukaenda Kishapu wote watatu, mimi, Makoye na Wiliam, na pikipiki. Kikao kikakaa, watu walewale. Sikutaka maneno matupu. Nilimwambia Makoye alizibe tundu kwa nta upya, kwa mkono wake, aweke kopo, afungue koki. Ikatoka, ikakata. Akafungua mfuniko, ikamiminika. Nikamwambia arudie, kwa wale waliokaa nyuma. Akarudia.

Mzee Ngassa akaniita mayu, mama, jina ambalo hakuna aliyeniita pale tangu nitengwe, akasema kutengwa kumeisha, boma ni langu, na Makoye atatoa ng'ombe wa kunisafisha. Walionitupia mawe wakaja kunishika mkono.

Makoye akapiga magoti. "Mama mkubwa, nisamehe."

Mzee Ngassa akasema niseme tu nimemsamehe, ng'ombe achinjwe, tule pamoja, yaishe.

"Chinjeni," nikamwambia. "Nyama nitakula. Kusamehe sijasema."

Wakatazamana. Halafu wakachinja.