Mama wa Siku Moja

Siku niliyomwomba mshauri wangu awe mama yetu kwa siku moja, nilivaa shati la kanisani. Niliona ombi kubwa kama lile haliwezi kupelekwa na shati lenye madoa ya lami.

Kazi yangu ni kuziba mashua zinazovuja, hapa Dunga, ufukweni mwa ziwa. Niliianza nilipoacha shule katika kidato cha pili, baada ya baba na mama kufariki wakifuatana na kuniachia wadogo wanne. Niliwalea. Walisoma, wakapata kazi, wakatawanyika, akabaki nyumbani kitinda mimba wetu. Ajabu ni kwamba mzigo ulipopungua ndipo mimi nikaanguka. Usingizi ulikatika. Mikono ilitetemeka hadi nyundo ikawa inaniponyoka, na kuna wiki nzima sikutoka nje. Dada yangu huyo wa mwisho ndiye aliyenipeleka zahanati, na huko nikaelekezwa kwa mshauri nasaha, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini.

Tangu hapo, kila Jumanne saa nne asubuhi nilikaa mbele yake nikamweleza mambo ambayo sikuwahi kumweleza mtu. Usingizi ulianza kurudi. Na kwetu, mtu akishayajua mambo yako yote, huyo ni wa kwenu. Sikuona njia nyingine ya kumhesabu.

Basi dada yangu akachumbiwa. Watu wa upande wa mwanamume wakatuma ujumbe kwamba watakuja kwa siku ya ayie. Neno hilo la Kijaluo maana yake ni "nimekubali", na siku hiyo ni mama wa binti anayelisema, mbele ya wageni. Kaka hawezi, hata kama ndiye aliyempikia huyo binti uji tangu akiwa na miaka sita. Nyumba isiyo na mama wa kulisema ni nyumba ya kuonewa huruma, nami sikutaka dada yangu aolewe kwa huruma.

Nilimweleza mshauri yote hayo, kisha nikasema, "Naomba uje wewe. Utakaa saa mbili tu, useme neno moja."

"Asante kwa kuniheshimu hivyo," akasema. "Lakini sitakuja."

"Ni nauli? Nitakuja kukuchukua mwenyewe."

"Si nauli. Nikija nikala na wakwe zako, nikacheka nao, Jumanne utaniambia nini? Kwamba mmoja wao alikukasirisha? Utaanza kunichagulia maneno. Na mahali pa kusema bila kuchagua, unapo hapa tu."

"Kwa hiyo umenikataa."

"Nimekataa kuja. Wewe sijakukataa. Jumanne saa nne kiti chako kipo."

Niliinuka bila kuaga. Jumanne iliyofuata sikwenda, na ile nyingine sikwenda. Usingizi ukaanza tena kunikimbia.

Jumamosi moja nilikuwa soko la Kibuye na mafundi wenzangu tukitafuta pamba ya kuzibia, nikamwona mbele yangu akichagua nyanya. Macho yetu yakakutana. Akageukia nyanya zake, akalipa, akanipita karibu kabisa, bila hata "habari". Nilisimama pale nikiwaka. Hapa kwetu hata mtu mliyegombania naye mpaka wa shamba mnasalimiana.

Nyumbani nikamwambia dada yangu, "Sasa hata salamu hanipi. Miezi yote hiyo nilikuwa najidanganya."

Aliacha kumenya viazi, akanitazama, akaanza kucheka. "Aki wewe! Si ulinieleza mwenyewe siku ile ya kwanza? Ulisema amekuambia mkikutana nje hatakusalimu mpaka uanze wewe, ndiyo watu wasiulize mnajuana wapi. Ukasema huyo mama ana adabu."

"Mimi nilisema hivyo?"

"Ukiwa umekaa hapo hapo, unakula ugali wangu. Sasa yeye anatunza neno lake, wewe unanuna."

Nilikuwa nimemsusia majuma mawili, naye katikati ya soko alikuwa bado ananilindia siri yangu. Kama angenipigia kelele za "habari ya siku nyingi", mafundi wenzangu wangekuwa na hadithi ya mwezi mzima.

Jumanne nikarudi. Kiti kilikuwepo. Hakunikaripia. Aliniuliza jambo moja: "Kama usingenifahamu kabisa, ni nani angesema neno hilo?"

"Yupo mmoja," nikasema. "Lakini nilimfukuza."

Ni mke wa ndugu mdogo wa baba, ambaye kwetu naye ni mama. Siku tulipomzika mama, alisema sisi watoto tugawanywe kwa jamaa, huyu huku na yule kule. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilimwambia mbele ya waombolezaji asikanyage tena kwetu. Hakukanyaga. Mume wake alipofariki alihamia Katito akaanza kuuza maharagwe sokoni, na tukawa watu wa kuonana mazishini tu, kila mmoja upande wake wa turubai.

Mshauri hakuniambia niende. Aliniuliza tu ningependa kumwambia nini mama huyo, nami nikamwambia, mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili taratibu zaidi. Alhamisi nikafunga vifaa vyangu nikaenda Katito.

Nilimkuta kwenye meza yake akipepeta maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Nani huyo ananizibia jua?" Kisha akaniona. "Ooh. Mwenye boma. Na leo nani amekuruhusu ukanyage kwangu?"

"Nimekuja kuomba radhi, Mama."

"Umekonda kama kasia. Kaa."

Nikakaa juu ya gunia. Alipepeta ungo mzima kabla ya kusema tena. "Nilikuwa na watoto sita na mahindi ya mwezi mmoja. Nilitaka mle. Ulidhani nataka kuwauza?"

"Nilidhani hivyo. Nilikuwa mtoto."

"Ulikuwa mtoto mwenye mdomo." Akanisukumia ungo nitoe mawe. Nikamweleza habari za ayie. Nikamweleza pia, kwa kuwa sikutaka kuanza upya na uongo, kwamba nilimwomba mtu mwingine kwanza.

"Nani?"

"Mtu tunayejuana naye kikazi."

"Akakataa?"

"Akakataa."

"Huyo ana akili," akasema. "Msalimie."

Alifika kwetu siku tatu kabla ya wageni, na kuku wawili na amri nyingi. Alihamisha viti vyote nilivyokuwa nimevipanga. Siku yenyewe wageni walipomaliza maneno yao, alinyamaza kwa muda mrefu hata mzee wao mmoja akaanza kukohoa. Dada yangu alikuwa amenishika mkono nyuma ya pazia, ananifinya. Kisha mama yetu akajirekebisha kitambaa kichwani, akasema, "Ayie." Wanawake wakapiga vigelegele. Mkono wangu, nilipoutazama, haukuwa unatetemeka.

Alikataa kurudi Katito wiki hiyo. Jumamosi tulikwenda pamoja Kibuye, mimi nimebeba kikapu, yeye anabishania bei ya vitunguu. Mshauri wangu alikuwa anakuja upande wetu. Aliniona, akaangalia mbele yake, tayari kupita.

"Habari ya asubuhi, Mama," nikasema.

Uso wake ukafunguka. "Njema, Baba. Na ninyi?"

"Wazima."

Akaendelea na safari yake. Mama akageuka akamsindikiza kwa macho hadi alipopotea kati ya watu.

"Huyo nani?"

"Mtu tunayejuana naye kikazi."

Alinitazama. Nikajua ameelewa, nikajua pia sitaongeza neno.

"Mm," akasema, akanipa vitunguu nivibebe.